Land Rover ya Turubai na Hesabu ya Awamu

Anayetaka gari la wazi lenye injini ya nguvu akiwa Rongo, eneo la miwa nchini Kenya, hukutana na sheria kabla hajakutana na muuzaji. Kiwango cha KS 1515, kinachosimamiwa na shirika la viwango, KEBS, hakiruhusu gari lililotumika kuingia Kenya likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na gari la usukani wa kushoto halipokelewi kwa matumizi ya kawaida. Ford Mustang ilizinduliwa Marekani Aprili 1964, na tangu mwanzo iliuzwa pia bila paa la chuma, lakini kampuni ilisubiri hadi toleo la 2015 kuiunda kiwandani kwake ikiwa na usukani wa kulia. Kwa hiyo Mustang ya zamani ya kununua kwa bei ya chini na kuifufua kidogo kidogo haipiti bandari ya Mombasa. Gari la wazi ambalo tayari limo nchini, na ambalo bado linapatikana nyuma ya nyumba na kwenye yadi za mashirika, ni Land Rover ya Series: ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli mbili, yenye paa la turubai. Mbio haina. Hata hivyo ina sifa moja ambayo Mustang haina, na kwa mtu wa pesa za kusubiri sifa hiyo ina uzito kuliko mbio: kazi ya kuifufua hugawanyika kwa awamu. Wengi husema ufufuaji wa polepole hutegemea subira ya mwenye gari. Mimi nasema huamuliwa siku ya kununua, na umbile la gari lenyewe.

Tazama jinsi magari haya mawili yanavyobeba uzito. Mustang haina chesi ya peke yake. Sakafu, kuta na paa vimechomelewa pamoja, na vyote hushirikiana kuzuia gari lisijipinde. Ukiondoa paa, kazi yake inahamia sakafuni na kwenye mihimili iliyo chini ya milango, ndiyo maana toleo la wazi huongezewa vyuma huko chini. Kutu ikila mihimili hiyo, huwezi kukata kipande kimoja leo na kingine mwakani bila kuliegemeza gari zima, la sivyo milango haitafunga tena. Land Rover imejengwa kwa mantiki nyingine. Chesi ni ngazi ya mabomba ya pembe nne yaliyoundwa kwa mabamba ya chuma ya unene wa milimita mbili hivi, nayo inabeba kila kitu. Bodi imefungwa juu yake kwa bolti. Paa liwepo au lisiwepo, chesi haitambui tofauti. Na bodi yenyewe ni aluminiamu iliyochanganywa na magnesiamu, kwa kuwa gari hili lilipobuniwa na kutoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa ikigawa chuma kwa kipimo baada ya vita. Uhaba ule wa Waingereza ndio leo unaomruhusu mwalimu wa Rongo kuacha mlango uliobonyea jinsi ulivyo miaka mitatu bila kuoza.

Basi mnunuzi anayetazama rangi anatazama mahali pasipo na habari. Alale chini na nyundo ndogo. Agonge mhimili wa mwisho wa chesi nyuma, agonge mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, agonge mahali springi zinaposhikwa. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza au kinabomoka. Kenya haimwagi chumvi barabarani kama wanavyofanya Uingereza wakati wa barafu, na hilo limeokoa chesi nyingi. Lakini eneo hili la miwa lina mvua za misimu miwili na tope zito, na tope likiziba matundu ya kutolea maji ndani ya chesi, kutu huanza ndani ambako jicho halifiki. Ukuta wa chuma ulio mbele ya dereva nao ukaguliwe, hasa miguuni, na kila mahali chuma kinapogusana na aluminiamu, maana metali hizo mbili zikipata unyevu kati yake, aluminiamu hulika ikawa unga mweupe. Baada ya nyundo, karatasi. Nambari ya chesi ilingane na logbuku, na aliye kwenye logbuku awe ndiye anayeuza au awe na hati ya mnada inayofuatika. Magari mengi ya aina hii yaliwahi kuwa ya serikali, misheni au miradi, na yakapita mikono kadhaa bila kuhamishwa jina. Chesi iliyooza ina dawa yake. Chesi isiyo na mwenyewe haina.

Baada ya hapo ndipo awamu huanza, na mpangilio wake una sababu. Pesa za huku huja kwa sura mbili: mshahara mdogo wa kila mwezi, au malipo ya miwa ambayo hukaa shambani miezi kumi na minane hivi kabla ya kukatwa, tena malipo yenyewe yamezoeleka kuchelewa. Kazi ya chesi haikatiki, kwa hiyo inastahili pesa ya mkupuo. Kwa bahati eneo lenye trela za miwa halikosi mafundi wa kuchomelea, ila mkono uliozoea chuma kinene cha trela uchungwe. Bamba la milimita sita likishonewa juu ya bamba la mbili hufanya sehemu moja ikakamae, na ufa hutokea pembeni mwake. Tafuta chuma cha unene uleule, kata kilichooza hadi ufike kilicho kizima. Breki, kinyume chake, ni kazi ya mishahara. Zote nne ni za ngoma, na kila gurudumu linaweza kufunguliwa, kusafishwa na kuwekewa raba mpya jioni moja. Nyaya za umeme zifuate, na nyingi ya kasoro zake ni ethi tu: umeme unaorudi betrini kupitia bodi hukwama kwenye maungio yaliyolika.

Injini inatisha watu kuliko inavyostahili. Ile ya petroli ya lita 2.25 iliingia na Series II ikaendelea hadi Series III ilipokoma mwaka 1985, ikiwa na silinda nne na kabureta moja. Kichwa chake kinaweza kwenda peke yake kwa basi hadi karakana ya kuchonga Kisumu huku bloku ikibaki garini. Kikishafunguliwa, viti vya vali za moshi viwekwe vya chuma kigumu kama bado, kwa kuwa petroli yenye risasi, ambayo ilivilinda, iliondolewa nchini kufikia mwanzo wa 2006.

Kuna pingamizi ambalo silidharau: kufungua gari zima mara moja ni nafuu, kwani fundi halipwi mara mbili kwa kufungua kilekile. Ni kweli, kwa mwenye pesa zote mkononi. Kwa asiye nazo, gari lililofunguliwa lote husimama pesa inapokwisha, na gari lililosimama hupoteza bolti, taa, hata gia boksi, bila mtu kukiri. Linalotembea kati ya awamu na awamu pia hujaribu kila kazi barabarani: breki zilizofungwa Machi zitajieleza zenyewe kwenye mteremko wa Kisii kabla ya injini kuongezewa nguvu. Pingamizi la pili ni la Toyota Probox. Kwa kubeba abiria na mizigo, Probox inashinda bila ubishi. Land Rover hii haifiki mbali zaidi ya kilomita sita kwa lita, na anayetafuta faida asome tu bei ya petroli aachane nayo. Lakini huyo hakuwa anatafuta gari la wazi.

Pingamizi la tatu ndilo gumu: kwa nini kuisumbukia injini ya zamani wakati mafundi wamekwisha kuzoea kutia dizeli ya Toyota au Isuzu? Spea zake zimejaa Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, na mafuta hupungua. Sioni haramu ndani yake, mradi ifanywe mwisho, baada ya breki, kwa kuwa ngoma zile zilipimwa kwa injini isiyo na haraka, na gia boksi pia. Vishikio vya injini ya asili visikatwe. Vipya vifungwe kwa bolti, ili atakayetaka kurudi nyuma aweze. Na nambari ya injini mpya ipelekwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ibadilishwe kwenye logbuku. Asiyefanya hivyo atakuwa na magari mawili, moja barabarani na moja kwenye karatasi, na polisi wa kizuizini atachagua kuamini la karatasi.