Chupa Mezani: Uhakiki wa Filamu ya Flight

Filamu ya Flight, iliyoongozwa na Robert Zemeckis na kutolewa mwaka 2012, husifiwa zaidi kwa sehemu yake ya mwanzo. Rubani Whip Whitaker, anayeigizwa na Denzel Washington, anaingia kazini akiwa amekesha kwa pombe na kokeini. Ndege inaharibika angani, naye anaigeuza juu chini kabla ya kuishusha kwenye uwanda. Kati ya watu 102 waliomo, 6 wanakufa. Nchi nzima inamwita shujaa, kumbe vipimo vya damu yake vinasubiri kumuumbua.

Mimi niliitazama kwa sababu nyingine. Baba yangu mdogo aliacha waragi miaka minne iliyopita. Nilitaka kujua kama filamu hii inayafahamu maisha ya mtu kama yeye. Kwa maoni yangu, inalifahamu vizuri anguko, ila maisha ya baada ya kuacha imeyapa nafasi ndogo mno.

Ubora wake unaonekana katika onyesho la hoteli. Usiku wa kuamkia siku ya kuhojiwa, Whip anawekwa katika chumba kisicho na pombe, na mlinzi mlangoni. Lakini mlango wa chumba cha pili haukufungwa, na humo mna jokofu lililojaa vichupa. Anakishika kimoja, anakiweka chini. Tunashusha pumzi. Ghafla mkono unarudi na kukinyakua. Hakuna maneno, wala hayahitajiki. Mkurugenzi anajua kwamba mraibu hahitaji msiba mkubwa ili arudie. Mlango mmoja uliosahauliwa unatosha.

Kesho yake Whip anakataa kumsingizia mhudumu wa ndege aliyekufa, mwanamke waliyekuwa wapenzi, na anakiri kwamba yeye ndiye mlevi. Ni tendo la kiungwana. Kisha tunamkuta gerezani, ukutani kuna kadi za pongezi kwa mwaka mmoja bila pombe, naye anawaambia wafungwa wenzake kwamba sasa yuko huru. Hapa ndipo ninapotofautiana na filamu. Gerezani hakuna baa njiani wala rafiki wa kukununulia bia siku ya mshahara. Hadithi inafungwa kabla mtihani wenyewe haujaanza.

Anayefanya mtihani huo ni Nicole, aliyeigizwa na Kelly Reilly. Alikuwa akitumia heroini. Anatafuta kazi, anahudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous, chama kilichoanzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, na Bill Wilson na daktari Bob Smith, ambako walevi husaidiana wao kwa wao. Anampeleka Whip mkutanoni, lakini Whip anatoka kabla haujaisha. Mwishowe Nicole anamwacha, ingawa anampenda, kwa kuwa nyumba yenye pombe itamrudisha alikotoka. Uamuzi huo ni mgumu kuliko kugeuza ndege. Hata hivyo, baada ya hapo anatoweka, abaki picha tu ukutani. Kamera inamfuata anayeanguka na kumwacha anayesimama.

Kasoro hii si ya filamu hii pekee. Hata nyumbani, ulevi wa baba mdogo ulisimuliwa kijiji kizima, kwa vicheko na kwa machozi. Kuacha kwake hakuna anayekusimulia. Kila Ijumaa anampa mama mdogo mshahara wote kabla hajavua viatu. Msibani huondoka jua likiwa bado juu. Atasimuliwaje mtu ambaye habari yake ni kwamba jana hakunywa, na leo pia hakunywa?

Mwaka jana, harusini kwa binamu yangu, mtu alimwekea chupa mezani kwa utani. Baba mdogo aliisogeza pembeni, akaomba chai, akaendelea na mazungumzo ya mpira. Hakuna aliyepiga makofi. Onyesho kama hilo ndilo nililolikosa katika Flight.