Adapta, Kisambazi, na Neno "Hakiendani"

Makala haya yanahusu istilahi tatu tulizozikuta katika karatasi ya maelekezo huko Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, katika ofisi moja iliyokuwa imenunua ruta mpya ya mtandao usiotumia waya. Karatasi hiyo iliandikwa kwa Kiswahili, na kwa hilo mfasiri astahili pongezi. Hata hivyo tafsiri yake iliitia ofisi hasara, na hasara yenyewe ilitokana na maneno, wala si mitambo.

Ruta ilipowashwa, simu za watumishi ziliuona mtandao mara moja, lakini kompyuta nne za zamani hazikuona kitu. Karatasi ilieleza hivi: "Kisambazi hiki hakiendani na adapta za zamani." Basi mtumishi mhusika akaenda dukani akanunua adapta nne mpya. Adapta, kwa wauzaji wa Katesh kama kwa wale wa Arusha na Dar es Salaam, ni kile kifaa cha kuchajia kompyuta. Umeme ukawa mzuri, mtandao usionekane vilevile.

Hatumlaumu mtumishi huyo hata kidogo. Aliisoma karatasi kama Kiswahili kinavyosomwa. Kosa ni la mfasiri, aliyelitohoa neno la kigeni pasipo kuuliza kama limekwisha kupata maana nyingine miongoni mwa wasemaji. Hatupingi utohozi, "ruta" yenyewe tumeikubali, na aliyeshuhudia jinsi "kompyuta" ilivyoishinda "tarakilishi" vinywani mwa watu hawezi kuudharau. Ila hapa lilikuwapo jina lisilo na utata: kadi ya mtandao. Wako wasemao kwamba baadhi ya vifaa hivi huchomekwa ubavuni mwa kompyuta, wala havina umbo la kadi. Hoja hiyo haitutishi. Kile kipande kidogo cha simu twakiita "laini", nacho hakina uzi wala waya, na hakuna anayepotea.

"Kisambazi" kina ila iliyojificha zaidi. Asambazaye hutoa tu. Msomaji hufikiri habari ya redio: kituo kinarusha, redio inanasa, na redio ya miaka thelathini hunasa matangazo ya leo maadamu masafa ni yale yale. Ruta na kadi ya mtandao sivyo vilivyo. Ruta hujitangaza, kadi sharti iyaelewe matangazo hayo, ijibu, kisha vyote viwili vikubaliane juu ya namna ya kusemezana na ya kufunga mazungumzo yao yasisikilizwe na wengine. Neno lisilodokeza mapatano humfanya mtu aione kompyuta kuwa mbovu pale ambapo mapatano tu ndiyo yaliyoshindikana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye "hakiendani". Kitenzi chenyewe ni kizuri. Kinachokosekana ni kusema haviendani katika nini, kwani mambo ni zaidi ya moja na tiba zake hazifanani. Kadi zilizofuata kiwango cha 802.11g cha mwaka 2003 hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Ruta ikiwa imewekwa itumie gigahezi 5 tu, kadi hizo ni kama kiziwi. Pengine jina la mtandao huonekana, ila kadi hukataliwa mlangoni kwa sababu ruta yadai ulinzi wa WPA3, uliotangazwa mwaka 2018, na kadi haijui zaidi ya WPA2 ya mwaka 2004. Tena zipo kadi zisizo na kasoro yoyote, lakini programu inayoziendesha ni ya zamani mno hata haiyaelewi matangazo ya ruta za kiwango kipya cha 802.11ax. Programu hiyo mafundi huiita draiva, neno ambalo maofisini husikika kama dereva.

Huko Katesh fundi alikuta ruta imefungwa kwenye gigahezi 5. Alipofungua na 2.4, kompyuta tatu zikaunganika. Ya nne ilihitaji draiva mpya, akaipakua kwa simu na kuihamisha kwa waya. Hakikununuliwa kitu tena.

Katika kutafuta istilahi ya dhana hii, "ulinganifu" tunaukataa, kwa kuwa vitu viwili vyaweza kufanya kazi pamoja pasipo kufanana. "Upatanifu" ungefaa, lakini mwalimu wa sarufi atauchanganya na upatanisho wake. Tunaegemea kwenye "-oana", ambalo watu hulitumia kwa rangi za nguo na ambalo limekwisha kuzoeleka kwenye skrini za simu, japokuwa wazee wengine hutabasamu wakilisikia.

Sentensi ya karatasi ile ingeandikwa hivi: "Kompyuta ya zamani isipouona mtandao, fungua masafa ya gigahezi 2.4 kwenye ruta na uweke draiva mpya ya kadi ya mtandao. Ikiuona ikakataliwa, ruhusu ulinzi wa WPA2 pamoja na WPA3. Nunua kadi nyingine iwapo hayo yote yameshindikana, maana hapo kadi na ruta hazioani."

Kwa "kisambazi" hatuna mbadala wa Kibantu unaoturidhisha. Msomaji aliye nao na atuandikie. Hadi hapo tutaendelea na "ruta".