Kadi ya Mwanachama na Basi la Bagamoyo

Nimepewa karatasi. Aliyenipa ni shemeji yangu, mhasibu katika kampuni moja ambayo wakubwa wake ni wanachama wa klabu ya maigizo ya hapa mjini. Klabu yenyewe sitaitaja jina, maana sikuja hapa kugombana na mtu. Karatasi ina kurasa nne, imechapwa vizuri, ina picha ya pazia jekundu, na imeandikwa kwa Kiingereza kutoka juu mpaka chini isipokuwa neno moja tu: "Karibu". Inawaeleza wanachama waliolipa ada ya mwaka maonyesho yanayokuja, siku zake na saa zake, mahali pa kuegesha magari, na mwishoni kabisa matembezi ya pamoja ya kwenda Bagamoyo.

Ndugu msomaji, sisi tuliozoea kuhakiki vitabu karatasi za namna hii huwa tunaziona matangazo tu, unasoma unatupa. Mimi nimeisoma mara tatu. Naona ni maandishi kama maandishi mengine na yanastahili kuhakikiwa, kwani ndani yake mna ahadi baina ya watu wawili: yule anayelipa kabla ya kuona, na yule anayepokea fedha kabla ya kuonyesha. Ukilifikiri jambo hili, si biashara ya kawaida hata kidogo. Nani humlipa mvuvi kabla ngalawa haijaingia majini? Anayelipa hivyo amemwamini mvuvi. Swali langu ni moja: klabu imeitumia vipi imani hiyo?

Kwanza niwape haki yao. Ukumbi wao una paa lisilovuja, taa zinawaka, onyesho likiandikwa saa moja na nusu linaanza saa moja na nusu. Katika mji ambao kumbi nyingi za zamani zimegeuka maghala na kumbi za harusi, hilo si jambo dogo, na ni ada ya wanachama iliyolifanya. Kiingilio cha mlangoni hakijengi paa. Mvua ikinyesha siku ya onyesho, kiingilio kimekwenda na maji. Ada ilishalipwa zamani, ipo benki. Hata watunzi wetu wachanga wanaolalamika kila siku kwamba hakuna pa kuchezea wangeweza kujifunza hapo.

Sasa hebu tuone kilichoandikwa ndani. Michezo ni minne na "usiku wa ngoma" mmoja. Katika michezo minne kuna wa upelelezi, viwili vya kuchekesha vya mume na mke na mgeni aliyejificha kabatini, na mmoja wa Krismasi kwa ajili ya watoto. Kila mmoja umeelezwa kwa mistari mitatu, na katika yote minne mwanachama anaahidiwa kitu kilekile, kwamba atacheka. Si vibaya kucheka. Lakini angalia jambo jingine. Kila mchezo umetajwa mtunzi wake na muongozaji wake. Usiku wa ngoma haukutajwa mtu. Umeandikwa tu "wapiga ngoma wa kienyeji", halafu bei ya chakula. Mbona hawa hawana majina? Ngoma ina mtunzi, ina mwalimu, ina kundi lenye kiongozi na mahali linapotoka. Mtu anayepiga ngoma miaka thelathini anaingia kwenye karatasi akiwa hana jina, na mtu aliyeandika kichekesho cha kabati, ambaye pengine amekwisha fariki huko kwao, anatajwa kwa ukamilifu.

Kumbe hii habari ya kulipa kwanza ina historia kubwa ambayo karatasi haiigusi, na ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka 1887 huko Paris, karani mmoja wa kampuni ya gesi, André Antoine, alianzisha jukwaa lake, Théâtre-Libre. Hakuwa na fedha. Alichobuni ni kuuza viti vya msimu mzima kwa wanachama, na akapata faida mbili. Moja, alipata cha kuanzia. Pili, na hii ndiyo kubwa, onyesho la wanachama lilihesabiwa kuwa shughuli ya faragha, kwa hiyo mkaguzi wa serikali hakuwa na mkono juu yake. Antoine aliweza kuonyesha yale ambayo kumbi za wazi zilikatazwa au ziliogopa. Mwaka 1888 aliigiza duka la bucha na kutundika nyama ya ng'ombe ya kweli jukwaani. Watu wakashangaa, lakini walikuwa wameshalipa! Alipoondoka mwaka 1894 alikuwa amezama kwenye madeni, sitaki mtu afikiri mpango ule ulimtajirisha.

Berlin nako wakaona, wakaiga. Mwaka 1889 wasomi waliunda chama chao, Freie Bühne, na mwaka uliofuata wafanyakazi wakaunda chao, Freie Volksbühne, yaani Jukwaa Huru la Watu. Hawa wa pili ndio ninaowapenda. Ada yao ilikuwa ndogo, ya kila mwezi, na kiasi kilekile kwa kila mtu. Viti walivigawa kwa bahati nasibu: ukifika mlangoni unachovya mkono chunguni unatoa namba, basi. Leo umekaa mbele, mwezi ujao umekaa nyuma ya nguzo. Hapakuwa na kiti cha tajiri. Maonyesho yao yalikuwa Jumapili mchana, kwani siku nyingine wanachama walikuwa viwandani.

Katika miaka hiyohiyo Gerhart Hauptmann aliandika Die Weber, tamthilia kuhusu wafumaji wa nguo wa Silesia walioasi mwaka 1844 kwa sababu ya njaa. Polisi wakaipiga marufuku hadharani. Wanachama wa Freie Bühne waliiona faraghani Februari 1893, na kabla ya mwaka kwisha wafanyakazi wa Freie Volksbühne nao waliiona. Kesi ilipofika mahakamani, majaji waliiruhusu ichezwe kwenye ukumbi wa Deutsches Theater, na moja ya sababu walizotoa inafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila klabu: kwamba tiketi za ukumbi ule ni ghali, kwa hiyo wafanyakazi wengi hawatafika. Yaani wenye njaa waonyeshwe jukwaani, mradi wenye njaa wasiwepo vitini. Ilipochezwa huko mwaka 1894, Kaisari Wilhelm II alifuta chumba chake cha heshima katika ukumbi huo. Mtu asiniambie kwamba mwanachama hana nguvu. Kaisari alichokifanya ndicho kinachoogopwa na kila kamati inayokaa kupanga ratiba ya msimu: mwenye kiti kizuri kakasirika, kaondoka.

Wale wafanyakazi waliendelea. Polisi walipotaka kukihesabu chama chao kama ukumbi wa hadhara ili kikaguliwe, walikivunja wenyewe, wakakianzisha tena mwaka 1897. Desemba 1914 wakafungua jengo lao wenyewe, lenye viti karibu 2,000, lililojengwa kwa michango ya senti za wanachama pamoja na mikopo. Lakini nisiwapambe mno. Mwaka 1927 muongozaji wao Erwin Piscator alitia filamu ya mapinduzi ndani ya mchezo, na uongozi wa chama hichohicho cha wafanyakazi ukaikata. Walikuwa wameshakuwa wengi mno, wa kila aina, na kamati ikaanza kuwaza nani atakasirika. Vijana wa chama walipiga kelele, Piscator akaondoka. Kwa hiyo mpango mmoja, wa kulipa mapema, mwaka 1890 ulinunua ujasiri, na mwaka 1927 ukanunua woga. Unategemea wanachama ni kina nani na wanaulizwa nini.

Najua wapo watakaosema, "Ah, hayo ni ya Ulaya, wewe umeanza lini Ujerumani?" Haya, turudi nyumbani. Marehemu shangazi yangu wa Unguja alikuwa mwanachama wa kikundi cha taarab cha wanawake, na hakuwahi kuimba peke yake hata mara moja maishani. Alikuwa analipa mchango. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza, "Shangazi, unalipa ya nini na wewe huimbi?" Akacheka. "Mwanangu, wimbo ni wa chama. Yule ameazimwa mdomo tu."

Sikumuelewa mpaka nilipokua. Unguja klabu za taarab ni vyama vya wanachama tangu asili yake. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, Culture Musical Club mwaka 1958, na katikati ya haya vikawepo vikundi vya wanawake kama Sahib el-Ari na Nur el-Uyun vilivyoshindana kwa nyimbo mpaka mji mzima ukagawanyika. Mwanachama wa aina ya shangazi hakai kungoja aletewe karatasi. Anashona sare. Anakuja mazoezini. Anajua wimbo mpya unamlenga nani kabla haujaimbwa, na pengine yeye ndiye aliyeshikilia utungwe. Siku ya onyesho, ufikapo ule ubeti unaomhusu, anainuka na noti mkononi, anatembea polepole, anazunguka, anamtuza muimbaji mbele ya watu, na kila mtu anajua amesema nini bila ya kufungua mdomo. Huo kwangu ni uhakiki. Ni uhakiki wa papo kwa papo, tena wa kulipiwa.

Na bara? Mfano ninaoufikiria kila mara ni wa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, wakafanya mazoezi mbele ya kila aliyetaka kuja, na waliokuja wakasahihisha: mzee haongei hivyo, mfanyakazi wa kiwandani hasimami hivyo. Mchezo, Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, ulichezwa wiki chache tu, kibali kikafutwa Novemba, na Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila ya kesi. Mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Wale hawakuwa na kadi, wala faragha ya Antoine ya kujificha ndani yake. Walikuwa na matofali na jasho. Lakini kama kuna watu nchi hizi waliostahili kuitwa wanachama wa jukwaa, ni wao.

Ndipo ninaporudi kwenye karatasi ya shemeji, na hasa ukurasa wa nne. Hapo ipo fomu. Inauliza jina, idadi ya viti, ungependa kukaa mbele au katikati, na kwa watakaokwenda Bagamoyo, utakula samaki au kuku. Nimeigeuza juu chini kutafuta mahali panapouliza ungependa kuona nini. Hapapo. Sitaki kusema wanachama hawa hawana maoni. Nawajua wawili watatu, wana maoni hata ya kuuza. Hawajaulizwa tu, na wao wenyewe hawajaona kwamba wangeulizwa. Miongoni mwetu tumemsoma Kinjeketile wa Ebrahim Hussein darasani, tukafanyia mtihani, na wengi hatujamuona akisimama jukwaani hata siku moja. Klabu yenye fedha benki kabla ya msimu kuanza ndiyo pekee isiyoweza kusema "tutapata hasara". Hasara ipi, na viti vimeshauzwa? Wangeweka vichekesho vitatu na Kinjeketile mmoja, nani angedai arudishiwe ada? Kaisari hayupo.

Halafu hayo matembezi. Klabu imepanga kwenda wakati wa tamasha la sanaa la Bagamoyo, lile lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 1980 pale Chuo cha Sanaa, ambacho siku hizi ni TaSUBa. Nilifurahi sana niliposoma. Nikasema, hapa sasa wamepatia! Wanachama watatoka kwenye viti vyao vya kitambaa, wataona makundi ya Tanzania yanavyocheza, tena kwa majina yao. Kisha nikasoma saa. Basi linaondoka saa mbili asubuhi. Magofu ya Kaole. Chakula cha mchana ufukweni. Saa tisa, "kuonja ngoma", nusu saa. Saa kumi na moja jioni basi linarudi mjini.

Wewe uliyewahi kwenda Bagamoyo wakati wa tamasha unajua ninachotaka kusema. Saa kumi na moja mafundi bado wanafunga nyaya na kujaribu vipaza sauti, na watoto wanakimbizana jukwaani. Mambo ni usiku. Hawa watakuwa wamefika Bunju, wamelala vitini, huku nyuma yao ndiyo ngoma zinawambwa motoni. Wamesafiri kilomita sabini kwenda kuiona sanaa na wataondoka nayo inavaa nguo.

Shemeji alinishauri nisiandike haya. "Wewe si mwanachama, dogo, yanakuhusu nini?" Ana haki. Kwa hiyo wiki iliyopita nilikwenda na kitambulisho changu cha uanafunzi, nikalipa ada, ambayo kwa sisi ni nusu, nikapewa kadi. Nikajaza fomu. Viti: kimoja, popote. Chakula: samaki. Chini kabisa palikuwa na mistari miwili ya "maelezo mengine", nikaandika kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: BASI LIONDOKE BAGAMOYO SAA SITA USIKU, NA WAPIGA NGOMA WATAJWE MAJINA. Dada wa mapokezi aliisoma, akaniangalia, akaigonga muhuri. Mpaka naandika haya sijajibiwa.