Utengamao si Ukarabati

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ukaanza kazi mwaka 2015. Miongoni mwa mafao yake, mbali na matibabu na fidia ya ulemavu, zimo huduma za kumrudisha majeruhi kazini na katika maisha yake. Mfuko huziita "huduma za utengamao". Istilahi hiyo twaiafiki. Matumizi yake ndiyo yanayotusikitisha.

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa hapa hubeba mizigo mitatu: jengo bovu, mfungwa na mgonjwa. Mfasiri asiye mwangalifu hushika lolote lililo karibu. Lakini pale Kurasini, penye gati na matangi ya mafuta, kinachokarabatiwa ni winchi na tishari. Kuli aliyevunjwa mkono na shehena hakarabatiwi. "Urekebishaji" nao umekwisha zoea magereza, na mtu huyu hakuhukumiwa kwa kosa lolote.

Kutengamaa ni kutulia baada ya kuyumba. Mtu hutengamaa mwenyewe. Hatengamawi na mwingine. Kwa hiyo sentensi "mfanyakazi atapewa utengamao" haisimami. Hupewa mguu bandia, mazoezi ya viungo, mafunzo; utengamao ndio matokeo, na ni wake yeye. Huu si ubishi wa sarufi tu. Karani aandikaye kuwa majeruhi "amepewa utengamao" aweza kulifunga jalada siku ile ile fomu ilipotiwa sahihi, hali mwenyewe bado hawezi kufunga vifungo vya shati lake. (Wapiga chapa nao wasituchanganyie neno hili na mtangamano, ambao ni wa Afrika Mashariki.)

Kuna pia "kufunzwa upya". Msomaji atadhani mtu huyo alifunzwa vibaya hapo kwanza. Kuli aliyepakua meli miaka ishirini hakusahau kitu. Ahitajicho ni ujuzi wa kazi ambayo mwili wake wa sasa unaiweza, kama kuhesabu shehena au kushona. Tunapendekeza "mafunzo ya kazi mbadala".

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama, hivyo kosa la mfasiri laweza kufika mbele ya hakimu. Wenye rasimu mezani tunawaomba waandike: "atapatiwa huduma za kumwezesha kutengamaa".