Bustani Iliyochorwa kwa Ajili ya Zinga

Sisi majirani tulioitwa kutoa maoni juu ya ghorofa litakalojengwa karibu nasi hapa Zinga tulipewa mchoro wa bustani peke yake. Jengo lenyewe, tuliambiwa, limekwisha kuamuliwa. Nadhani bustani ilionekana ni jambo dogo ambalo hata mwalimu mstaafu hawezi kuliharibu. Basi nilikaa na karatasi hiyo siku nne sebuleni kwangu.

Kwanza niseme kweli: ni mchoro wa kupendeza. Kando ya ukuta imesimama safu ya ile miti mirefu myembamba yenye asili ya India, ambayo siku hizi huikosi penye geti kubwa. Katikati kuna uwanja wa ukoka, na kuzunguka chemchemi kuna mitende ya mapambo. Magari yametengewa upande wao, na watoto wamepewa bembea mbili mbali na magari. Hilo la bembea nalisifu bila kinyongo.

Lakini mchoraji ameitazama Zinga akiwa barabarani. Bustani yake itamfurahisha apitaye na gari kwenda Bagamoyo. Atakayeishi humo hakupewa mahali pa kukaa saa nane mchana mwezi wa Februari. Mti mwembamba kama mshumaa hutoa kivuli cha mshumaa. Hata bembea ziko juani.

Na kivuli kipo tayari! Kiwanja kina miembe mitatu mikubwa. Katika mchoro kila mmoja umetiwa alama ya msalaba, na pembeni pameandikwa "kuondolewa". Mmoja tu ndio ulio mahali pa jengo. Nimepima kwa rula mara mbili. Miwili inakatwa ili kupisha ukoka. Pwani hii tangu zamani mtu aliweza kumiliki minazi au miembe katika ardhi isiyo yake, na mwembe mkongwe porini humwambia mpita njia kwamba hapo palikuwa na watu. Hata ardhi inapotwaliwa, miti huhesabiwa katika fidia. Wengi wetu tuliikumbuka hesabu hiyo baada ya mkataba wa 2013 wa bandari ya Bagamoyo, watathmini walipozunguka mashambani. Ajabu ni kwamba mti uliokuwa mali kwenye daftari la fidia umekuwa takataka kwenye mchoro wa bustani.

Kasoro inayoniudhi zaidi, hata hivyo, ni maji. Kiwanja kinateremka kuelekea baharini, na sehemu kubwa ya ardhi isiyojengwa itafunikwa kwa vitofali vya saruji. Mishale midogo ya buluu inaonyesha maji ya mvua yakitokea kwenye matundu manne ukutani. Yanakwenda wapi? Mchoro unaishia ukutani. Mimi najua: chini ya matundu hayo kuna nyumba ya bibi mmoja anayekaanga maandazi barazani. Leo mchanga wa kiwanja unayanywa maji ya masika kabla hayajamfikia. Kiangazi nacho kina shida yake. Ukoka ule utataka kunyweshwa kila siku, na kisima cha karibu na bahari kikivutwa kupita kiasi huanza kutoa maji ya chumvi. Chumvi hiyo haitachagua kisima cha ghorofa peke yake.

Kule Bamburi, Mombasa, bustani ilianza kwa kuiuliza ardhi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, juu ya mwamba mtupu. Alijaribu aina 26, zikastahimili tatu tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mvinje hayakuoza kwa urahisi, mpaka alipoleta majongoo wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu. Sisi hatuhitaji hata majongoo. Tuna mchanga, na miembe imekwisha kukua.

Niliandika maoni yangu kwenye karatasi moja. Miembe miwili ibaki na bembea zihamie chini yake. Chemchemi ifutwe, pachimbwe bonde la kunyonya maji kabla hayajafika ukutani. Vitofali vipunguzwe. Pale ukutani ipandwe mikungu.

Kijana aliyekuja kuichukua aliisoma akiwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu, mkungu unaangusha majani. Nani atafagia?"

Swali la haki. Nilimwambia kwamba atakayelipwa kunyweshea ukoka anaweza kulipwa kufagia. Akacheka, kisha akaniuliza kama miembe yenyewe ni mikubwa kiasi cha kusumbua watu hivyo. Hapo ndipo nilipotambua kwamba hajafika kiwanjani.

"Ni dakika kumi kwa miguu," nikasema. "Twende."

Alitazama viatu vyake, akatazama jua, akanifuata.