Injinia wa Hadithi Zetu Hana Mwenzake

Ndugu waandishi wenzangu, leo nawakosoa, nami nimo. Hadithi zetu siku hizi zina injinia wa kompyuta. Ana miwani, kimombo kibao, anabonyeza usiku kucha, alfajiri kampuni imeokoka. Karani na mhasibu wanaingizwa ili wamshangilie tu, au wamsumbue. Jamani, huyo si mhusika, ni malaika. Na riwaya ya malaika haina mgogoro.

Mgogoro wenyewe upo, tena kwa jirani. Oktoba 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya, Thika ukiwamo, pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo. Programu iliandikwa na wataalamu wa Cambridge, Uingereza, ili mkopaji alipe deni kwa simu. Kwa mashine, malipo ni tarakimu iliyofika salama. Kwa ofisa mikopo, mkutano wa kikundi ndio dhamana: asiyeonekana leo, kesho hadaiki kirahisi. Tena Faulu walipata taabu kulinganisha hesabu za simu na vitabu vyao. Nani mkosaji? Hapo ndipo penye riwaya, maana wote wana haki.

Wateja nao walikuwa na lao. Walitumiana fedha wao kwa wao. Wengine waliweka mji huu wakatolea mji mwingine, wasisafiri na pesa mfukoni. Machi 2007 huduma ilipozinduliwa, ilitangazwa kuwa ya kutuma pesa nyumbani. Kulipa mkopo kukawekwa kando.

Mimi nimekaa kibanda cha wakala hapa Babati. Siku moja mtandao uligoma, fedha za bibi mmoja zikawa hazionekani. Nikapiga simu kwa wataalamu. Nikajibiwa: "Mfumo uko sawa." Huko labda ulikuwa sawa kweli. Lakini bibi alikuwa bado amesimama mbele yangu.

Jibu hilo nimeliandika katika miswada mitatu, na kila mara nimemfanya mtaalamu kuwa nunda. Ni kosa lilelile, limegeuzwa shati tu. Sisi wa kidato cha nne tusiogope habari za kompyuta eti hatukuzisomea. Upande wa kaunta tunaujua. Ila fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima mwili. Tukakae na injinia pia, tumwone anavyohangaika na kosa lililo mbali na macho yake. Mswada wa nne naanza hivyo. Nikirudia nunda wangu, nikosoeni bila huruma.