Polybius Hakupiga Hodi

Muhula uliopita niliandika katika rasimu ya tasnifu yangu kwamba Wakelti wa Italia ya kaskazini walikuwa watu wa upanga, wasio na maisha ya nyumbani ya kueleza. Nilimtegemea Polybius, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 2 KK. Msimamizi wangu akaandika pembeni: "Nyumba zao umeziona?"

Nikarudi kwenye kitabu cha pili cha historia yake. Anasema waliishi katika vijiji visivyo na kuta, bila samani, wakilalia majani na kula nyama. Walijua vita na kilimo, basi. Ni aya fupi iliyoandikwa vizuri, na uzuri huo ndio ulionipumbaza. Karibu kila kitu kinatajwa kwa kukosekana kwake. Hakuna anayepika humo, hakuna mtoto, hakuna anayefunga mlango usiku.

Kisha nikaitazama ramani ya uchimbaji wa Monte Bibele, milimani kusini ya Bologna. Nyumba zipatazo 40 za mawe, zimepangwa ngazi kwa ngazi kwenye mteremko uliochongwa, na vichochoro vyembamba katikati yake. Kuna birika kubwa la maji la kijiji kizima. Ndani ya nyumba kuna mabaki ya meko, mitungi ya akiba, na vizito vya udongo vya kukazia nyuzi za mfumaji. Polybius anawanyima kitanda cha kulalia. Udongo unawarudishia kitanda cha mfumi.

Walioishi humo walikuwa Waetruska na Wakelti pamoja. Katika makaburi ya jirani, Monte Tamburino, wapo wanaume waliozikwa na panga za Kikelti, na vipo vyombo vilivyochorwa majina kwa herufi za Kietruska. Sentensi ya Polybius haina nafasi ya nyumba kama hiyo, ambamo huenda baba na mama walirithi lugha mbili tofauti.

Mtetezi wake atasema alikuwa anazungumzia bonde la mto Po, si milima. Ni hoja ya haki. Lakini bondeni walijenga zaidi kwa miti na udongo, vitu vinavyooza, na kuoza kwa nyumba si ushahidi kwamba hapakuwa na nyumba.

Monte Bibele iliungua takriban mwaka 200 KK. Moto uligeuza akiba ya chakula kuwa mkaa, ndiyo maana shayiri, ngano na mbegu za jamii ya kunde zimetufikia. Polybius mwenyewe alizaliwa karibu na mwaka huohuo. Alipoketi kuandika, meko yale yalikuwa yamezimika muda mrefu.

Sentensi yangu nimeifuta. Sura sasa inaanzia kwenye birika: nani alitumwa kuteka maji asubuhi, na wakiwa kwenye foleni walisalimiana kwa lugha gani?